Stempu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: nizipange vipi, na zipi ninunue?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu aliniachia albamu ya stempu. Ndani yake nimekuta stempu tano za Marekani za miaka ya sitini, kila moja na jina la mahali: Fort Sumter, Shiloh, Gettysburg, The Wilderness na Appomattox. Ipo pia shiti nzima ya stempu 20 za senti 32 yenye picha za majenerali, na bahasha mbili zilizopigwa mihuri. Nataka kuuendeleza mkusanyo huu. Je, zina thamani? Nizipange kwa mapigano au kwa pande mbili za vita? Mtandaoni nimeona stempu za Kusini za 1861 zinauzwa kwa bei ya kutupa, ninunue? Na stempu zilizo kwenye bahasha, nizibandue?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na babu. Inaelekea alikuwa mtu wa subira, kwa sababu stempu hizo tano zilitoka moja kila mwaka, kuanzia 1961 hadi 1965.

Suala la fedha tulimalize kwanza. Hizo tano zilitolewa na Posta ya Marekani kuadhimisha miaka 100 tangu vita vya 1861 hadi 1865, kati ya Muungano (Kaskazini, upande wa serikali ya Washington) na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Ya Gettysburg ilichapishwa takriban milioni 80, na nyingine nne kila moja ilipita milioni 100. Watu walizinunua shiti kwa shiti wakazifungia kabatini, wakiamini wanawawekea wajukuu akiba. Wajukuu sasa wamekuwa watu wazima na wote wanauza kwa pamoja. Wafanyabiashara wa stempu kule Marekani hununua stempu mpya za miaka hiyo kwa bei iliyo chini hata ya ile iliyochapwa juu yake, kisha huziuza kwa watu wa kuzibandika kwenye barua, maana posta bado inazipokea. Shiti yako ya stempu 20 iliuzwa dola 6.40 ilipotoka mwaka 1995. Haitakujengea nyumba.

Hiyo ni habari njema kwa anayekusanya. Karibu kila stempu ya ukumbusho wa vita hivi, kuanzia miaka ya 1930 hadi 2015, unaweza kuipata ikiwa safi bila kuingia gharama kubwa. Kazi iliyobaki ni ya akili: kuzipanga ziseme kitu.

Wengi huzipanga kama vita vyenyewe vilivyokwenda, Sumter, vita vilikoanzia, mbele, na Appomattox, Lee wa Kusini aliposalimu amri, nyuma. Wengine hugawa Kaskazini kushoto, Kusini kulia. Sikushauri lolote kati ya hayo. Zipange kwa mwaka zilizotolewa. Stempu ya ukumbusho ina nafasi ya picha moja na maneno machache, na kuna wakubwa wanaokaa kuamua nani aingie na nani aachwe. Vita hivi viliua watu zaidi ya 600,000 wa nchi moja, na wajukuu wa pande zote mbili ni wapiga kura na wanunuzi wa stempu. Ukifuata miaka ya kutolewa, utaona jinsi kila kizazi kilivyoamua kuvikumbuka, na kilichokwepa kukitaja.

Fungua na mwaka 1937. Rais wakati huo ni Franklin Roosevelt, naye mwenyewe mkusanyaji mkubwa wa stempu. Katika toleo la kuenzi jeshi la nchi kavu na jeshi la majini, stempu ya senti 3 ina majenerali watatu wa Kaskazini: Sherman, Grant na Sheridan. Ya senti 4 ina wawili wa Kusini, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, na katikati yao nyumba ya Stratford Hall alikozaliwa Lee. Kusini walikuja juu kwa sababu ya Sherman, yule aliyepita Georgia mwaka 1864 kutoka Atlanta hadi Savannah akiteketeza kila kilichoweza kulisaidia jeshi la adui. Ziweke mbili hizo ukurasa mmoja uone hesabu ya posta: walioshinda wamepata yao, walioshindwa wamepata yao, na hakuna mahali palipoandikwa walikuwa wakigombania nini.

Jibu la swali hilo linakuja mwaka 1940, katika stempu ya zambarau ya senti 3 ya kuadhimisha miaka 75 ya Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa. Chukua lensi uitazame. Picha ni sanamu iliyoko Washington: Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita, amesimama, mkono ameunyoosha, na mtu mweusi amepiga magoti mbele yake. Nakala ya sanamu hiyohiyo iliyokuwa Boston iliondolewa Desemba 2020 baada ya wakazi kulalamikia mtu huyo kuendelea kupigishwa magoti. Stempu haikuondolewa, ipo kama ilivyotoka, na ndiyo sababu naitaka kwenye albamu yako.

Ya 1948, kumbukumbu ya miaka 85 ya hotuba ya Lincoln pale Gettysburg, itie tu nafasi yake tuendelee. Penye utamu ni mbele.

Mwaka 1949 maveterani wa Kaskazini walifanya mkutano wao wa mwisho Indianapolis. Waliohudhuria walikuwa sita, wazee wa karibu miaka mia na zaidi. Posta ikatoa stempu ya senti 3 yenye mzee wa chama cha maveterani na, nyuma yake, kivuli cha kijana mwenye bunduki, yaani yeye mwenyewe enzi zake. Kusini nao wakataka yao. Mwaka 1951, maveterani wa Kusini walipofanya mkutano wao wa mwisho Norfolk, Virginia, posta ikachukua mchoro uleule, ikabadili sare na herufi za chama, ikachapa kwa rangi ya kijivu badala ya wekundu wa ile ya kwanza. Ziweke bega kwa bega: mpangilio ni mmoja, mzee ni mmoja, kijana ni mmoja. Sijui kama kuna jozi nyingine ya stempu za Marekani inayosema waziwazi hivi kwamba serikali imeamua pande mbili ziheshimiwe sawasawa. Kichekesho kichungu ni kwamba uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa baadhi ya wazee waliojitangaza kuwa maveterani wa mwisho wa Kusini hawakuwahi kuwa askari wa vita hivyo.

Sasa tumefika kwa zile tano za babu. Fort Sumter na Shiloh ni za senti 4, tatu za mwisho ni za senti 5, kwa kuwa Januari 1963 gharama ya barua ya kawaida ilipanda. Shiloh ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ishike kwa kibano uigeuze kwenye mwanga wa dirisha: karatasi yenyewe ina rangi nyepesi ya waridi-chungwa. Shiloh, mwezi Aprili 1862, palikuwa na shamba la mipichi iliyokuwa imechanua, na maua yake yalidondoka juu ya askari huku risasi zikikata matawi. Ile ya Gettysburg imepambanisha kijivu na buluu, rangi za sare za majeshi mawili, kwa hiyo hata asiyejua kusoma Kiingereza anaelewa.

Kama bahasha zako mbili zina stempu hizi, soma mihuri kwa makini. Bahasha ya siku ya kwanza ina mhuri wa mji ilikozinduliwa stempu, na kwa seti hii tarehe inaangukia kumbukumbu ya miaka 100 ya tukio lenyewe: Charleston, mji ulio karibu na ngome ya Fort Sumter, 12 Aprili 1961, Shiloh, 7 Aprili 1962, Gettysburg, 1 Julai 1963, Fredericksburg kwa ajili ya The Wilderness, 5 Mei 1964, na Appomattox, 9 Aprili 1965. Tarehe ya kwanza hapo ina mambo mawili mengine. Siku hiyohiyo Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti alikuwa mtu wa kwanza kuruka anga za juu, ndiyo maana magazeti ya kesho yake hayakuwa na nafasi kubwa ya mizinga ya Charleston. Na hapo hapo Charleston, Tume ya taifa ya maadhimisho ilikuwa na mkutano, na mjumbe wake mweusi kutoka New Jersey alikuwa amenyimwa chumba katika hoteli ya mkutano. Rais Kennedy akaingilia kati, mkutano ukahamishiwa kituo cha jeshi la majini. Bahasha yenye mhuri wa siku ile imetoka katikati ya ugomvi huo.

Tazama tena hizo tano ukijua hilo. Vita, vita, vita, vita, kusalimu amri. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Muungano, lakini hakuna hata mmoja humo. Utumwa hautajwi. Walikubaliana kukumbuka ushujaa, na sababu wakaiacha nje ya picha.

Lakini Agosti 1963, kati ya Gettysburg na The Wilderness, posta hiyohiyo ilitoa stempu ya senti 5 ya miaka 100 ya Tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa. Mchoro wake ni mnyororo mweusi uliokatika, basi. Aliyeuchora ni Georg Olden, Mmarekani mweusi wa kwanza kubuni stempu ya nchi yake. Ilizinduliwa Chicago tarehe 16, siku kumi na mbili kabla ya Maandamano ya Washington ya kudai haki za watu weusi. Haikuhesabiwa katika seti ya vita, ndiyo maana wakusanyaji wengi wanaofuata orodha ya katalogi huikosa. Bila shaka babu naye alifuata orodha. Hiyo ndiyo iwe stempu yako ya kwanza kununua, na uiweke palepale kati ya zile mbili.

Shiti ya 1995 inastahili ukurasa wake peke yake, na usiipasue. Michoro yote ni ya Mark Hess: watu 16 na mapigano manne, na maelezo yamechapwa nyuma ya kila stempu. Lincoln yupo na Jefferson Davis, rais wa Kusini, yupo, Grant na Lee, ile mizani ya 1937 bado inapimwa. Ila sasa wameingia Frederick Douglass na Harriet Tubman, watu weusi waliopigania kufutwa kwa utumwa, Clara Barton, muuguzi wa Kaskazini, na Phoebe Pember, mwanamke aliyesimamia wodi katika hospitali ya Chimborazo huko Richmond. Mtafute pia Stand Watie. Alikuwa kiongozi wa Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na jenerali wa Kusini, na ndiye jenerali wa mwisho wa upande huo kuweka silaha chini, Juni 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Lee. Mtu huyo anaharibu hesabu ya kila anayetaka vita hivi viwe na pande mbili zilizo nadhifu, na nampongeza aliyemchagua.

Toleo la miaka 150 ni stempu mbili kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2015: Fort Sumter na Bull Run, New Orleans na Antietam, Vicksburg na Gettysburg, Petersburg na Mobile Bay, Five Forks na Appomattox. Nyingi zimetumia picha za kale zilizochorwa karne ya 19, na kwa macho yangu zina rangi nyingi kuliko mawazo. Moja nitaitetea: Petersburg, ya 2014. Humo kuna kikosi cha 22 cha wanajeshi weusi wakishambulia ngome za Kusini, Juni 1864. Ukiwa na ya 1940 ukurasa wa mbele na hii ukurasa wa nyuma, umeona mtu aliyepigishwa magoti amesimama na bunduki yake. Ilichukua posta miaka 74.

Nchi nyingine nazo zimetoa stempu za Lincoln na za vita hivi, nyingi zikiwa shiti za rangirangi zilizotengenezwa ziuzwe kwa wakusanyaji tu na ambazo hazikuwahi kubandikwa kwenye barua. Ziache. Isipokuwa Ghana ya 1959, miaka 150 ya kuzaliwa kwa Lincoln, ambapo Nkrumah anaonekana pamoja na sanamu ya Lincoln. Nchi ina miaka miwili ya uhuru, na tayari inachagua inataka kusimama karibu na nani.

Tuje kwenye zile za Kusini za 1861 ulizoziona mtandaoni. Hizo si stempu za ukumbusho, ni za vita vyenyewe, na ni ulimwengu mwingine kabisa. Posta ya Muungano iliacha kuwahudumia Kusini mwishoni mwa Mei 1861, kisha ikazifuta stempu zake za zamani zisiwe na thamani, ili Kusini wasizigeuze fedha. Huko Kusini John Reagan wa Texas, aliyepewa kuongoza posta mpya, hakuwa na stempu hata moja, kwa hiyo kwa miezi kadhaa wakuu wa posta wa miji mbalimbali walijichapia za kwao. Stempu ya kwanza ya serikali ya Kusini ilitoka Oktoba 1861, ya kijani, senti 5, na sura ya Jefferson Davis mwenyewe, rais aliye hai na madarakani, jambo ambalo Washington haikuwa ikilifanya. Katiba yao ilitaka posta ijitegemee kwa mapato yake kufikia Machi 1863, kwa hiyo kuanzia Julai 1862 barua ya kawaida ikawa senti 10 popote iendako. Karatasi nayo ikaadimika: watu walishona bahasha kwa karatasi za kupambia kuta, kwa kurasa za madaftari ya hesabu, au waligeuza bahasha iliyotumika ndani-nje wakaandika anwani upya. Bahasha ya aina hiyo, hata ikiwa chafu, ina mengi kuliko stempu kumi safi.

Sasa hiyo "bei ya kutupa." Stempu hizi zimeigizwa tangu karne ya 19, na miaka ya 1930 zilitolewa nakala nyingi sana huko Springfield, Massachusetts, ziuzwe kama vitu vya kumbukumbu. Zilizosambaa mtandaoni kwa bei ya kitafunwa ni za ukoo huo. Dalili ya haraka: stempu za Kusini karibu zote zilitoka bila matundu pembeni, watu walizikata kwa mkasi. Ukiona seti kamili, kila stempu na meno yake mazuri, rangi zinang'aa kama zimetoka dukani jana, funga ukurasa. Kukosa matundu pekee hakuthibitishi kitu, kwa kuwa hata mwigaji ana mkasi. Ukitaka kweli kuingia huko, nunua moja tu, tena ya kawaida, kama ile ya senti 10 ya buluu ya 1863, kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Kwa kitu cha bei kubwa dai cheti cha wataalamu kama Philatelic Foundation ya New York. Kipo pia chama cha wanaojishughulisha na posta ya vita hivi tu, Civil War Philatelic Society, ambao wanachama wake huitambua stempu ya kughushi kabla hujamaliza kuitoa kwenye bahasha. Na uitie sehemu tofauti ya albamu, usiichanganye na za ukumbusho.

Kubandua: la, usibandue. Stempu iliyoko kwenye bahasha yenye mhuri unaosomeka ina mji, tarehe na safari yake. Ukiitoa unabaki na kipande cha karatasi ambacho wako mamilioni wanacho. Stempu mpya usizishike kwa vidole, na usizibandike kwenye albamu kwa gundi wala kwa vile vikaratasi vya bawaba vinavyoacha doa nyuma. Tumia vifuko vya plastiki salama visivyo na PVC, aina ya plastiki inayoharibu stempu. Albamu isimame wima, mahali pakavu, mbali na jua. Kagua pia kama stempu za babu zimeanza kushikana na ukurasa. Zikiwa zimeshikana, usizivute wala usizimwagie maji, kwa sababu gundi ya miaka ya sitini huyeyuka. Na zile za 2011 hadi 2015 zinajinata zenyewe, gundi yake haitoki vizuri ndani ya maji. Ukizipata zimetumika, kata bahasha kuizunguka stempu ukiacha ukingo wa karatasi pande zote.

Bahasha zako mbili nitumie picha zake, mbele na nyuma, hasa kama mihuri yake haimo katika tarehe nilizokutajia. Barua ya kawaida tu, mtu alimwandikia mwenzake mwaka 1962 akabandika Shiloh kwa kuwa ndiyo aliyopewa dirishani, ni ngumu kuipata kuliko bahasha za siku ya kwanza, na ikiwa babu alikuwa nayo nitafurahi kuiona.